Upande wa Pili wa Karatasi

Kambi ya Barabara, Makambako
3 Machi 1953

Kwa Baba yangu Kefa, fundi seremala wa Kidugala,

Kamwene, baba. Nakusalimu mimi, na mkweo Nahumu anakusalimu. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye chungu. Wewe je? Macho yanaendeleaje, na kile kikohozi cha vumbi la mbao kimepungua?

Baba, sijatimiza hata miezi miwili ya ndoa na tayari nimeaibika. Hapa kambini Bwana Afya amekataza kutupa taka ovyo. Kila nyumba imechimbiwa shimo la futi nne, na amri ni kwamba lidumu miezi mitatu. Likijaa kabla, mwenye nyumba anachimba jingine kule kwenye mawe kwa mikono yake. Langu limejaa siku ya kumi na moja. Nilisimama pale mdomo wazi. Sisi ni watu wawili tu, na Nahumu anashinda barabarani na kipande chake cha kiazi, lakini tumejaza shimo ambalo ndama angezama. Mama Fidelia, mke wa nyapara, alikuja kuchungulia akaniuliza kama naendesha hoteli.

Jambo linalonishangaza ni hili: kwetu hatukuwa na shimo kabisa. Tangu juzi najiuliza taka zetu zilikuwa zinakwenda wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nakucheka ukinyoosha misumari iliyopinda na kukwangua ukoko wa ugali mpaka sufuria inalia. Sasa nimerudi kwa magoti. Nifundishe kabla Bwana Afya hajarudi mwisho wa Aprili.

Barua hii anayo Alois, dereva wa lori la mbao. Mpe jibu akirudi.

Mwanao,
Ema


Kidugala
14 Machi 1953

Kwa mama yangu Ema,

Salamu zako zimefika. Mimi nipo, macho yanaona ukungu tu lakini mikono inajua kazi bila kuambiwa. Geuza karatasi hii utaikuta barua yako mwenyewe. Usinune. Uliandika upande mmoja, na huo mweupe niliuonea huruma. Na wewe ukijibu, nitakuandikia nyuma yake vilevile, ndivyo tutakavyokwenda.

Hoteli! Huyo mama Fidelia ana mdomo, lakini ana haki. Nadhani unamenya viazi kwa kisu. Viazi vipya havimenywi, vinasuguliwa kwa gunzi ndani ya maji, na ngozi inatoka nyembamba kama karatasi ya Biblia. Ngozi hiyo ni chakula cha nguruwe. Kama huna nguruwe, jirani anaye, naye akichinja hatakusahau. Magunzi yenyewe usitupe hata moja, yanawasha moto kuliko kuni za kununua. Majivu yake chekecha: laini ni ya kuhifadhia maharage yasitobolewe, ya kusugulia vyombo, na yanayobaki mwaga chooni. Ukoko loweka kwa maziwa mgando asubuhi. Maji ya kuoshea maharage usimwage mlangoni, panda boga pale na ulinyweshe. Vipande vya sabuni vinavyoteleza mkononi vifinyange pamoja vikiwa vibichi. Shuka likichanika katikati, lipasue lote, ushone kingo mbili ziwe katikati. Likichanika tena, ni mito. Likichanika tena, ni utambi wa koroboi.

Marehemu mama yako alikuwa akisema taka ni kitu ambacho mwenyewe hajakifikiria bado. Akiba haiozi, mama. Mwambie Nahumu akiona msumari barabarani auinamie.

Ni mimi baba yako,
Kefa


Makambako
2 Mei 1953

Kwa Baba mpendwa,

Kamwene. Unaamkaje huko? Sisi Mungu anatulinda, Nahumu anakula vizuri na misumari anaiinamia, amejaza kopo zima.

Baba, taka katika shimo langu jipya hazijafika hata magotini. Bwana Afya aliingiza fimbo yake, akaitoa, akaiingiza tena akidhani imekwama juu. Akaniuliza taka nazificha wapi. Nilipomwonyesha boga mlangoni, maharage yenye majivu na tonge langu la sabuni lenye rangi tatu, alivua kofia. Kesho yake aliwaleta wake za watu kumi waje waone. Mama Fidelia alikaa nyuma kabisa, lakini jioni alikuja peke yake kuuliza habari za kumenya viazi kwa gunzi. Sikumcheka. Nilicheka alipoondoka.

Sasa nina jambo jingine, na hili nakuandikia nikiwa na aibu kidogo. Nina mimba. Mkunga anasema mtoto atakuja Novemba. Nina furaha, baba, na nina hofu, na kila saa namtaka mama. Nilikuwa sijawahi kumtaka hivi tangu nikiwa na miaka sita. Nahumu anasema kwao mwanamke mwenye mimba ya kwanza akiwa amefiwa na mama, anapelekwa kaburini amwambie. Wewe uliniambia alizikwa Njombe, mvua ikakuzuia kumleta. Niambie ni makaburi yapi na upande gani, tutakwenda na lori la barabara kabla sijawa mzito. Nimeshona kitambaa cha kuweka pale, kwa vipande vya gauni langu la harusi.

Mwanao,
Ema


Kidugala
20 Mei 1953

Kwa mama yangu Ema,

Salamu nyingi kwako, kwa Nahumu, na kwa huyo ambaye bado hatujamjua. Nimefurahi mpaka randa ikaniponyoka. Mimi ni mzima, ukiondoa macho. Sasa maandishi nayaona kama mchwa waliotawanyika, ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa, unisamehe kwa kula karatasi.

Nguo za mtoto usinunue. Nina mashati mawili laini ya zamani, nitayakata mwenyewe. Kitanda chake nitakiunga kwa vipande vilivyobaki vya madawati ya shule, mbao nzuri.

Habari ya kaburi isikusumbue. Barabara ya Njombe ni mbaya na wewe una mimba changa. Kaburi halina haraka. Kula vizuri, pumzika.

Baba yako,
Kefa


Makambako
27 Mei 1953

Baba,

Sikuamkii. Nisamehe.

Barua yako niliisoma mbele ya Nahumu tukacheka habari ya randa. Alipoondoka kwenda kazini nikaigeuza, kama ninavyogeuza zote, nione nilikuandikia nini mara ya mwisho. Nilikuta mwandiko unaolala kushoto kama wangu. Nilisoma mistari miwili nikidhani ni mimi. Kisha nikaona si mimi. Nakuandikia hapa neno kwa neno, maana karatasi yenyewe sikurudishii:

«9 Januari 1953. Kwako Kefa mume wangu. Kamwene. Mimi hapa kwenye kituo cha wakoma ni mzima kuliko nilivyokuja. Hii ni barua ya kumi na moja, wala sijui kama zinakufikia. Ile dawa mpya ya vidonge imenifaa. Daktari amenipima mara tatu na hakuona kitu, amesema siambukizi mtu tena. Vidole vya mguu wa kushoto vimepungua, natembea kwa fimbo. Tuliopona tunaruhusiwa kwenda nyumbani, ila lazima mume au ndugu wa damu aje kutia sahihi. Asiyefuatwa mpaka mwisho wa Juni anaandikwa mkazi wa hapa na kupewa shamba lake, na habari yake imekwisha. Ema sasa ni msichana mkubwa. Kama ananiulizia, mwambie naja. Kama haniulizii, usimlazimishe. Karatasi tunagawiwa moja kwa mwaka, kwa hiyo sitaandika tena. Wako, Dorika.»

Baba, mama yu hai?

Nimeandika maneno hayo kwa mkaa ukutani, nimeyasoma na bado hayaingii kichwani. Tarehe tisa Januari. Harusi yangu ilikuwa tarehe kumi na saba. Ulicheza ngoma na wazee ukiwa na barua hii nyumbani.

Nilikuwa na miaka sita uliponiambia amekufa. Nililia mpaka nikatapika, nawe ukanishika kichwa. Ulinishika kichwa, baba, huku unajua. Miaka kumi na miwili nimekuwa yatima wa mtu anayekula na kulala na kuandika barua. Na mwezi huu nilikuwa nashona kitambaa cha kuweka juu ya kaburi la watu.

Wewe hujawahi kutupa gunzi. Hujawahi kutupa msumari uliopinda. Ulimtupa mama.

Nimeandika pande zote mbili mpaka pembeni, ili usipate pa kunijibia hapa. Tafuta karatasi yako.

Ema


Kidugala
6 Juni 1953

Ema,

Hukuniachia nafasi, na ulifanya haki. Hii ni karatasi iliyofungia misumari, ndiyo maana ina mafuta.

Alois alinisomea barua yako. Macho yangu yalishindwa, nikampa bila kujua kilichomo, akaisoma kwa sauti pale karakanani mpaka mwisho. Alipomaliza akaiweka juu ya meza, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Sijawahi kuona aibu kama ile, na ninaistahili.

Ndiyo. Mama yako yu hai.

Mwaka arobaini na moja alikuwa akipeta ngano uani, mkono uko wazi, nikaona doa ambalo halikuwa na rangi ya ngozi. Nilimchoma kidogo kwa ncha ya msumari, akaendelea kupeta. Hakusikia. Nilimpeleka mwenyewe alfajiri, na njiani tulikubaliana watu waambiwe amekwenda kwa dada yake. Lakini watu wakaanza kuuliza. Nikaona jinsi watoto watakavyokukimbia, na baadaye jinsi ambavyo hakuna kijana atakayegonga mlango wa mtoto wa mkoma. Nikasema amekufa. Hilo sikukubaliana naye. Nilisema mara moja tu, na baada ya hapo watu walinisemea wenyewe.

Barua yake ya kwanza niliishika kwa koleo, nikaianika juani siku tatu. Zilizofuata nilizishika kwa mikono. Sikuzijibu. Sikuzichoma pia. Nilijiambia ni kwa sababu karatasi ina upande mmoja safi, na mimi sichomi kitu chenye upande safi. Nilijidanganya. Nilizitaka. Ya kumi na moja ilipokuja nikasema harusi ipite kwanza. Ikapita. Nikasema ngoja azoee kwa mumewe. Ukapata mimba, nikasema ngoja ajifungue.

Zote zimo kwenye sanduku la Biblia, na zako humo humo. Siku ile ya kukujibu nilipapasa sandukuni, nikaona mwandiko umelala kushoto, nikajua ni wewe. Mwandiko wenu ni mmoja, Ema. Hilo sikulifikiria miaka yote hii.

Na jambo moja zaidi, nalo linaniuma kuliko yote. Yale niliyokufundisha kuhusu shimo si yangu. Nilipomwoa nilikuwa fundi mharibifu, nachoma nusu ya mbao kama kuni. Magunzi, majivu, sabuni, shuka la kupasua katikati, vyote ni vyake. Alipoondoka niliendelea kufanya kila kitu kama alivyofanya yeye, nikadhani hiyo inatosha.

Usimwambie Nahumu. Nakuomba hilo moja. Kwao wakijua, watakurudisha.

Kefa


Makambako
12 Juni 1953

Baba,

Kamwene. Leo nakuamkia, kwa sababu hujaficha tena.

Nimemwambia Nahumu. Niliisoma barua yako nikaona ukinifundisha uongo uleule, ili na mimi nimfiche mwanangu bibi yake. Sitaki kuurithi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitangoji kifo. Nilimpa karatasi zote mbili. Alisoma akatoka nje, akakaa juu ya jiwe la kuogea muda mrefu, nami ndani nikaanza kukunja nguo zangu. Aliporudi aliziona, akashangaa. Akaniuliza swali moja tu: «Mikono yake je, ni mizima ya kumpokea mtoto?»

Siijui mikono ya mama yangu.

Tulikusudia kwenda wenyewe. Lakini wiki iliyopita nilivuja damu kidogo, na mkunga amekataa katakata nisipande lori. Nahumu alitaka kwenda peke yake, ila yeye si mume wala si damu, sahihi yake haitafaa. Umebaki wewe. Zimebaki siku kumi na nane.

Sikuombi uniambie tena kwa nini ulifanya. Nimeelewa, na kuelewa hakujanisaidia kitu. Nakuomba uende. Mwisho wa Juni ukipita hujaenda, basi barua zangu usizitunze, zichome na zake, upande safi na upande mchafu.

Nakutumia na kitambaa cha kaburi. Mpe ajifunge kichwani.

Ema


Makambako
29 Juni 1953

Baba,

Nimengoja jibu, halikuja. Leo Alois amerudi anasema karakana imefungwa kwa kufuli, nguruwe wako kwa jirani, na hakuna aliyekuona tangu tarehe ishirini na tatu. Hukupanda lori lake wala la mtu mwingine. Watu wanasema ulionekana unatembea peke yako na sanduku kichwani, na macho yale.

Sijui kama umemfuata yeye au umetukimbia sote wawili. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Mimba imetulia, moyo ndio haujatulia. Ninampa Alois barua hii aipenyeze chini ya mlango. Popote ulipo, kama kuna mtu anayekusomea, niandikie neno moja.

Mwanao,
Ema


Kidugala
9 Julai 1953

Kwa mwanangu Ema,

Kamwene, na Nahumu kamwene. Nimerudi. Sikurudi peke yangu.

Nilikwenda kwa miguu kwa sababu njia ile nilimpeleka kwa miguu. Siku mbili na nusu mpaka Njombe nikipapasa kwa fimbo, na moja zaidi mpaka kituoni. Karani alifungua daftari akaniuliza namtaka nani. Nikasema Dorika wa Kidugala, mimi ni mume wake. Akanitazama. Akasema, mzee, huyo mama ni mjane, mumewe alikufa mwaka arobaini na nne, ndivyo ilivyoandikwa.

Nikasema ni mimi. Akaenda kumwita. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbali kidogo, akanitazama kuanzia viatu. Akamwambia karani: «Simjui huyu. Wangu nilishamzika.» Akageuka akaenda zake.

Baadaye niliambiwa kwamba barua ya nne ilipokosa jibu, wenzake walianza kumcheka kuwa ametupwa. Akaona afadhali kuitwa mjane. Aliendelea kuandika, lakini kwa siri. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na kaburi la uongo.

Nilikaa nje ya lango siku tatu. Alipita kwenda kisimani na kurudi, hakunisalimu. Tarehe thelathini mchana karani alishafungua daftari la wakazi. Nikamwomba muuguzi ampelekee sanduku lenye barua zake kumi na zako zote, lile nililobeba. Alikaa nalo mlangoni kwake, nikiliona umbo la mwili wake tu kwa mbali. Aliposoma ile ya shimo na Bwana Afya, nilisikia anacheka. Sauti ile sikuwa nimeisikia miaka kumi na miwili, nikashika nguzo. Akaja mpaka langoni, karatasi mkononi. Akaniuliza nani alimfundisha mtoto kumenya viazi kwa gunzi. Nikamwambia, wewe. Akaikunja karatasi ile. Kisha akasema: «Kamtafutie karani kalamu.»

Hajanisamehe. Analala ndani, mimi nalala karakanani juu ya maranda, na ni haki yangu. Jumapili nilisimama kanisani nikasema yote kwa mdomo wangu. Baadhi ya watu hawatusalimu. Mchungaji alikaa kitako kama mtu aliyepigwa, halafu akaja kumshika mkono mama yako mbele yao.

Nimenunua karatasi mpya Njombe, ya kwanza tangu vita. Nimeandika upande mmoja tu. Geuza.

Baba yako,
Kefa


Ema mwanangu,

Kamwene. Umeamkaje, na huyo wa tumboni ameamkaje? Mimi ni mzima.

Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia, lakini tangu jana nayatafuta hayaji. Nilikuacha unaongea na kuku, nakukuta una nyumba. Nimeshtuka na bado sijatulia. Kila kitu humu ndani kiko pale nilipokiacha, hata lile kopo la utambi, na hilo linanikasirisha zaidi kuliko kama angevitupa vyote. Sikurudi kwa ajili yake. Nimerudi kwa sababu uliniulizia.

Kitambaa nimejifunga. Mwambie Nahumu mikono yangu yote miwili ni mizima. Kidole kimoja hakinyooki vizuri, lakini mtoto hatajali. Oktoba nitakuja, Alois amesema atanipakia mbele.

Majivu ya maharage yachekeche mara mbili, baba yako amesahau kukuambia. Karatasi hii usiitupe wala usianze nyingine. Hapo chini nimekuachia nafasi ya vidole vitatu. Nijibu hapo hapo.

Mama yako,
Dorika